Kwa Hatibu, Kabla Hujashika Usukani

Mwanangu Hatibu,

Assalamu alaykum. Salamu ndefu utapewa na mama yako, ambaye tangu asubuhi analifunga na kulifungua begi lako kama vile hurudi tena. Yeye amekwisha kukuambia ule nini, uvae nini kwenye baridi ya huko, na usilale na dirisha wazi. Katika hayo mimi sina la kuongeza. Nimetoka kuswali alasiri, nimekaa huku ukumbini na daftari lako la zamani la shule, nakuandikia kwa sababu nina hasira. Nikikuita tuzungumze nitapandisha sauti, wewe utanyanyuka uende zako, na kesho utapanda boti ya kuvuka kwenda Nyamisati tukiwa tumenuniana. Bora nigombe na karatasi.

Jana mchana ulikuwa nyuma ya nyumba unaongea na tajiri wako mpya wa Lushoto. Simu uliiweka sauti ya juu, nami nilikuwa kisimani nachota maji. Nilimsikia vizuri. Alisema, "Gari ni zima, ila breki zinasumbua kidogo. Ukishuka na kabichi kwenda Mombo inabidi uwe unazipampu."

Nikasubiri jibu lako. Ukacheka. Ukasema, "Hilo siyo tatizo, bosi. Mimi nimekulia kwenye magari ya Mafia. Nitalimudu."

Nilitua ndoo chini, Hatibu. Neno hilohilo, nitalimudu, nililisema mimi kwa mdomo wangu, kwa Mzee Athumani, tajiri wangu wa zamani, na kwa kicheko kama chako.

Unaijua hadithi ya kesi yangu kwa jinsi ulivyoisikia vijiweni, na kwa jinsi ulivyonitupia usoni mwaka ule niliporudi kutoka gerezani. "Uliamua kutuuza kwa ajili ya bibi wa watu." Ndivyo ulivyosema, mama yako akiwa anasikia. Sikukujibu. Nilifanya kosa kutokujibu, kwa sababu umekua ukiamini kwamba baba yako alikuwa mjinga aliyejipeleka polisi mwenyewe. Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo mama yako hayajui.

Gari lilikuwa pikapu ya Mzee Athumani, ile nyeupe iliyokuwa ikibeba nazi na watu kutoka Kirongwe kuja Kilindoni. Nililiendesha miaka minne. Mwaka wa mwisho pedali ya breki ilianza kushuka mpaka chini. Ukikanyaga mara moja hakuna kitu, ukikanyaga mara tatu gari linaanza kukusikia. Nilimwambia Mzee Athumani. Akasema spea inakuja na boti. Wiki ikapita, nikamwambia tena. Akaniuliza, "Wewe dereva au abiria? Hutaki, sema, kuna vijana kumi wanalitaka gari hilo." Nami nikacheka, maana niliogopa, na mtu mzima akiogopa mbele ya tajiri hucheka. Nikasema, "Usiwe na wasiwasi mzee, nitalimudu."

Nililimudu miezi miwili. Hapo ndipo shetani alipokaa, Hatibu, katika ile miezi miwili ya kulimudu. Kila siku niliyofika Kilindoni salama nilijiona fundi zaidi. Nilijua wapi pa kuanza kupampu, wapi pa kuingiza gia ndogo, wapi pa kupiga honi mapema ili watu wakae pembeni. Nilianza kuwaona watu wa barabarani kama wao ndio wenye wajibu wa kunikwepa mimi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, barabara kavu, hakuna kisingizio. Nilikuwa na magunia ya nazi na abiria wanane nyuma. Bi Mwanahawa, huyo "bibi wa watu" wako, alikuwa anatembea ukingoni, upande wake, amejitwika ukindu wa kusukia mikeka. Mbele yake ng'ombe wawili wakavuka. Nikakanyaga, pedali ikaenda chini. Nikakanyaga tena. Ya tatu sikuwahi. Nikakata usukani kuwakwepa ng'ombe, na upande niliokata ndio aliokuwa yeye.

Sikumsikia akilia. Nilisikia abiria wakipiga kelele, halafu nikasikia sauti ya mtu akiuliza kwa upole kabisa, "Mguu wangu uko wapi?" Alikuwa haoni, ukindu ulikuwa umemfunika uso.

Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti, siku ya pili, hospitali ya Dar. Wewe ulikuwa darasa la saba.

Sasa sikiliza nilichokifanya, maana ajali peke yake ningeweza kuibeba. Gari liliburutwa mpaka uani kwa Mzee Athumani kabla trafiki hajaja kulikagua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na kikombe cha chai nilichoshindwa kukinywa. Mzee Athumani akamleta fundi. Wakafungua magurudumu palepale mchana kweupe, wakabadilisha mipira ya breki na kutia oili mpya. Ile spea iliyokuwa inakuja na boti, Hatibu, ilikuwa stoo kwake. Ilikuwa bado ndani ya boksi lake, imekaa na vumbi.

Nililiona lile boksi, nikanyamaza.

Mzee Athumani akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika goti kama ndugu. "Bakari," akasema, "breki ni nzima. Trafiki akija atazikuta nzima. Yule mama alishtushwa na ng'ombe akaingia barabarani ghafla. Ndivyo ilivyokuwa au sivyo?"

Nikasema ndivyo.

Kituoni nikaandika hivyo kwenye maelezo yangu, nikaweka sahihi. Trafiki akalijaribu gari, likasimama vizuri. Bi Mwanahawa alikuwa kitandani Dar hajui hili wala lile. Abiria waliulizwa. Walikuwa wamekaa nyuma ya magunia, hawakuona mbele. Ikaandikwa kwamba kosa ni la mtembea kwa miguu. Kosa la mama aliyekuwa akitembea upande wake.

Bi Mwanahawa aliporudi kisiwani, Mzee Athumani alikusanya watu wazima wanne tukaenda kwake kumpa pole. Gunia la mchele, sukari, na kanga doti mbili. Mimi nilikwenda, nilikaa kwenye mkeka aliousuka kwa mikono yake. Mmoja wa wale wazee akazungumza vizuri sana kuhusu kadari ya Mwenyezi Mungu, kwamba mja hawezi kukwepa alichoandikiwa. Kisha Mzee Athumani akatoa karatasi mfukoni. Akasema ni ya kawaida tu, ya kuonyesha kwamba sisi ni watu wa mtaa mmoja na hakuna kinyongo. Bi Mwanahawa hajui kusoma. Akaniangalia mimi, si Mzee Athumani. Akaniuliza, "Bakari, karatasi inasema nini?"

Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili. Niliisoma. Ilisema amesamehe, hana madai yoyote kwa mwenye gari wala dereva, sasa wala baadaye.

Nikamwambia, "Inasema tumekuja kukupa pole."

Akabonyeza dole gumba. Wino nilikuwa nao mimi.

Nimefunga Ramadhani nyingi tangu siku ile na bado nikiketi na watu nikasikia mtu anataja kadari baada ya ajali, damu inanichemka. Kadari gani inakuja na karatasi ya kuwekwa dole? Mungu hakuificha ile spea stoo. Aliyeificha namjua, na aliyenyamaza namjua zaidi.

Mwaka mzima ukapita. Nikaendelea kuendesha gari lilelile, breki sasa nzuri kabisa. Bi Mwanahawa hakuweza tena kwenda baharini kulima mwani. Kufunga mwani unasimama majini saa nne, tano, huku maji yanakusukuma, na yeye alikuwa na fimbo mbili za kuegemea. Nilibadilisha njia ya kwenda msikitini ili nisipite kwake. Ulipata kuniuliza kwa nini tunazunguka. Nikakwambia nataka kunyoosha miguu. Miguu! Hata mdomo haukuona haya.

Kisha akaja Tatu, binti wa kijijini Baleni, yule aliyefundishwa mambo ya msaada wa kisheria. Alikuwa akizunguka vijijini kuwasikiliza wanawake wenye matatizo ya ardhi na talaka, akamkuta Bi Mwanahawa. Akaja hapa kwetu, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nina swali moja tu, halafu niondoke. Breki zilikuwaje?"

Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, mtoto wa watu aliyenijia kwa adabu. Akavaa viatu vyake, akasema, "Nitakuwa kwa Bi Mwanahawa kila Jumanne," akaenda.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijawahi kukuomba radhi. Unakumbuka siku niliyokuzaba kibao mbele ya rafiki zako, uwanjani pale, mpaka pua ikatoka damu? Najua unakumbuka, kwa sababu tangu siku ile ulianza kuniita mzee badala ya baba. Mlikuwa mnagombana na mjukuu wa Bi Mwanahawa kuhusu mpira. Mimi nilikuwa napita. Nikakusikia ukimwambia, "Bibi yako alijirusha mwenyewe barabarani, ndiyo maana hana mguu!"

Ulidhani nimekupiga kwa sababu ya utovu wa adabu. Sivyo. Ulikuwa unasema kile ulichokisikia nyumbani. Maneno yale niliyatunga mimi na Mzee Athumani, nikayapeleka kituoni, na sasa yalikuwa yametoka kwenye kinywa cha mwanangu, yanamlenga mtoto asiye na kosa. Kibao kile kilikuwa changu mimi, na wewe ndiye uliyekipokea. Nisamehe, baba. Nimechelewa miaka kumi, lakini nisamehe.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwa Bi Mwanahawa. Tatu alikuwepo. Nilisema yote: pedali, boksi, fundi, karatasi. Sikumaliza vizuri, nililia kama mtoto. Bi Mwanahawa hakunifuta machozi wala hakunifukuza. Alimgeukia Tatu akamuuliza, "Anayosema haya, atayasema na kule?"

Kule ni kituoni. Nikaenda. Askari aliyenipokea aliniangalia kwa huruma. "Mzee, unajua unachokifanya? Maelezo yako ya kwanza uliyatia sahihi mwenyewe." Nikamwambia najua. Fundi naye alipoitwa, na kusikia kwamba mimi nimeshasema, hakuzungusha, akakubali kwamba alibadilisha breki mchana ule.

Nilifungwa miezi sita, na leseni ikaenda. Kesi ya madai ya Bi Mwanahawa ilipoanza, Mzee Athumani alileta wakili kutoka Dar, mtu wa suti, akaiweka ile karatasi ya dole gumba mezani kama mtu aliyeshika ushindi. Bi Mwanahawa naye alikuja na wakili, msichana mdogo wa msaada wa kisheria aliyevuka na boti akitapika njia nzima, na hakumtoza hata nauli yake. Nilitolewa gerezani kuja kutoa ushahidi. Yule msichana aliniuliza mbele ya hakimu, "Alipokuuliza karatasi inasema nini, ulimjibu nini?"

Nikajibu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sijawahi kupumua vizuri kama nilivyopumua baada yake.

Karatasi ilitupwa. Mzee Athumani naye, katika kesi yake mwenyewe, akatiwa hatiani kwa kuliachia barabarani gari analojua ni bovu. Bima, ambayo kumbe ilikuwepo siku zote na ilikuwa ikisubiri mtu wa kuidai, ikamlipa Bi Mwanahawa. Ndio ule mguu wa bandia unaomwona nao, na ndiyo ile mashine ya kushonea. Fikiria hilo, Hatibu. Haki yake ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mzee Athumani mwenyewe asingetoa kitu kutoka mfukoni. Alidanganya kwa sababu ya kuogopa faini na kuogopa jina lake, na mimi nikamsaidia kwa sababu ya kuogopa kukosa kazi. Mwaka mzima mwanamke alijikongoja uani kwake kwa woga wa wanaume wawili.

Najua gharama mliyoilipa ninyi. Wewe uliacha shule muhula mzima ukaenda kupiga mbizi za pweza, mama yako akakaanga mihogo barabarani. Watu walituambia tumemwaibisha mtu mkubwa. Una haki ya kunikasirikia kwa hayo. Lakini nikasirikie kwa ule uongo uliotufikisha pale. Usinikasirikie kwa siku moja niliyosema kweli.

Na usidhani niliponywa. Nilipotoka gerezani nilikwenda kwa Bi Mwanahawa kumwomba msamaha rasmi, nikiwa nimevaa kanzu. Akanikaribisha ndani, akanipa maji. Nilipomaliza hotuba yangu akasema, "Sijakusamehe, Bakari. Pengine kesho, pengine siku nyingine, hata mimi sijui. Ulisema kweli, nami nilikusikia. Lakini asubuhi nikiamka ninautafuta mguu kabla sijakumbuka." Kisha akaniuliza hali ya mama yako. Mpaka leo tunaamkiana vizuri na bado hajanisamehe. Nami nimeacha kuudai. Si wangu wa kuudai.

Sasa ulielewe jambo moja. Kisiwa chetu ni tambarare. Toka Kilindoni mpaka Utende, toka hapa mpaka karibu na mnara wa Ras Mkumbi, hakuna mlima wa kukimbiza gari. Mimi nilikuwa kwenye mwendo mdogo, barabara imenyooka, na bado breki mbovu zilichukua mguu wa mtu. Wewe unakwenda kwenye milima. Nimewauliza waliofika. Wananiambia barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo inajizungusha ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, mvua ikinyesha udongo unateleza na ukungu unashuka mpaka huoni pua ya gari. Watoto wa shule wanatembea ukingoni, kina mama wanashusha mboga vichwani. Na wewe umemwambia mtu kwa kicheko kwamba utapampu!

Utapampu wapi, Hatibu? Kwenye kona ipi utapata nafasi ya kukanyaga mara tatu?

Ukifika, kabla ya chai, mwambie akuonyeshe gari. Likanyage. Lala chini ulitazame. Kadi ya bima uione kwa macho yako, usiambiwe ipo. Pedali ikishuka, weka ufunguo mezani, na usicheke. Mwambie, "Likitengenezwa nitaliendesha." Atakwambia kuna vijana kumi wanalitaka. Wote wanasema hivyo, sijui wanafundishwa wapi. Mwache awachukue hao kumi. Wewe panda basi urudi. Nauli ya kurudi mama yako ameishona kwenye pindo la koti, kwa shauri langu, ndiyo sababu ya kulifungua begi mara zote hizo.

Na ikitokea, maana hata gari zima na dereva mzuri hupata ajali, usikimbie. Watu wakikujia juu, nenda moja kwa moja kituo cha polisi ukajisalimishe, lakini usiende kujificha. Gari lisiguswe mpaka trafiki apime. Aliyeumia apewe fomu ya polisi, atibiwe. Maelezo yako yaandike mwenyewe, na akija mtu kukushika goti kama ndugu, akakuuliza "ndivyo au sivyo," mwambie unamtaka mwanasheria kwanza. Wapo wa bure kila wilaya, ulizia mahakamani au ustawi wa jamii. Na usimpelekee mgonjwa karatasi. Anayetaka kupewa pole hahitaji kuweka dole.

Nimeandika sana, mkono unauma, na mama yako ananiita nije nikae juu ya begi lifunge. Sijakwambia kwamba nakupenda, nawe hujazoea kusikia hivyo kwangu, basi lijue kwa njia hii:

Ukirudi wiki ijayo mikono mitupu kwa sababu umekataa gari bovu, utakuta chakula, na nitakuja mwenyewe bandarini kukupokea, na atakayekucheka mtaani atanikuta. Ukirudi umemuumiza mtu na umesema kweli, utakuta chakula, na nitakaa nawe kila siku ya kesi, mpaka mwisho wake. Na ukirudi umemuumiza mtu na uongo umo mdomoni, pia utakuta chakula. Utakula ushibe, unawe mikono. Halafu mimi baba yako nitakushika mkono, nitakupeleka kituoni.

Wako,
Baba